Kocha Leonard Wambura: Misimu Kumi na Mitatu, na Homa Iliyoitwa Malaria

Marehemu Leonard Wambura alizaliwa Nyamwaga, Tarime, tarehe 14 Machi 1941, mtoto wa nne wa Mzee Chacha Wambura na Bibi Genoveva. Alisoma Nyamwaga, kisha Musoma. Mwaka 1968 alipata ufadhili wa kuja Marekani kusomea elimu ya viungo, akahitimu Juni 1972. Mwaka uliofuata alifunga ndoa na Leokadia, karani wa ubalozini, wakajaliwa Ghati na Peterson.

Septemba 1974 chuo kidogo nje ya Fairfax, Virginia, kilimwajiri kuwa kocha wake wa kwanza wa mpira wa miguu, na kwa kuwa nafasi ilikuwa moja tu, akabebeshwa na mpira wa kikapu. Wachezaji walikuwa walewale. Msimu wa kwanza walifungwa mechi zote tisa. Hakumgombeza mtu; aliyeanguka alimwinua, akamwambia pole. Haukupita mwaka, vijana wa Virginia wakawa wanaambiana "pole" uwanjani, na wapinzani wakidhani ni mbinu ya mchezo. Mwaka 1981 walitwaa kombe la vyuo vidogo. Alifika nyumbani na kombe kwapani, akaomba uji.

Julai 1985, akiwa ametoka likizo Tarime, alishikwa na homa. Kila mtu alisema malaria, naye akakubali upesi, maana chuo kilikuwa kinafikiria kuifuta timu na hakutaka isikike kwamba kocha ana ugonjwa mkubwa. Jamaa Watanzania wa Wheaton na Gaithersburg, jimbo jirani la Maryland, walimletea vidonge vya klorokwini kila walipotoka likizo nyumbani. Zefania, mdogo wake anayesoma maneno haya, alileta pakiti mbili. Leokadia aliona shati la mumewe likilowa, akaona mkanda ukiongezwa tundu. Alimsihi aende hospitali. Akajibiwa, msimu ukiisha. Akanyamaza kwa heshima ya mume, na kunyamaza huko kunamtafuna hadi leo.

Oktoba 1986 Kocha alianguka kando ya uwanja, filimbi ikiwa mdomoni. Ilikuwa saratani ya damu, na madaktari walisema amechelewa mno. Alifariki Jumanne, 3 Machi 1987.

Rasimu ya kwanza ya wasifu huu ilisema aliugua kwa muda mfupi. Leokadia aliyafuta maneno hayo kwa mkono wake.

"Andikeni miezi ishirini," alisema. "Na kila mwenye homa hapa akapimwe damu. Msimletee mtu vidonge tena."

Ameacha mjane, watoto wawili, ndugu watatu, na mama yake mzazi, ambaye bado hajui. Habari kama hii haipigiwi mama simu. Zefania anasafiri Jumatatu kumpelekea, na shemeji yake Leokadia amemwagiza asimfiche chochote, hata zile pakiti mbili.

Pumzika, Leonard. Lala kwa amani, kaka.