Rubani Aliyeshangaa Kutua

Kwenye basi la wafanyakazi wa uwanja wa ndege, mbele yangu waliketi rubani na katibu wa chama cha marubani. Walikuwa wakienda kwa mkurugenzi kumtetea rubani, kibarua chake kisiote nyasi.

"Ulitangaza nini hasa?" akauliza katibu. Rubani akajibu, "Nilisema, 'Abiria wapendwa, tumetua salama. Hata mimi siamini.'" Katibu akaguna. "Sasa hapo nikuteteeje, kaka?" "Sema ni unyenyekevu."

Katibu akaandika. Mimi nikaanza kutafuta mkanda, na basi lile halina mikanda.

"Nani alikushtaki?" "Bibi mmoja. Alizimia wenzake wakipiga makofi." "Bibi gani?" "Mama mkwe wa mkurugenzi."

Basi likasimama mlangoni pa ofisi. "Shuka, kaka," akasema katibu bila kuinuka kitini. "Chama kiko nyuma yako."