Bonaventure Asukulu, Mpimaji Aliyeng'oa Vigingi Vyake Mwenyewe

Tarehe 31 Oktoba 2003, Mzee Bonaventure Asukulu anakabidhi penseli yake kwa ofisi ya ardhi ya Fizi, baada ya miaka ishirini na saba ya kazi. Ni penseli tu, maana vingine vyote viliporwa. Aliingia kazini mwaka 1976 akiwa kijana mwembamba mwenye suruali pana ya fasheni ya wakati ule. Anatoka akiwa babu mwenye kitambi kidogo, jambo ambalo kwa vita tulivyovipitia linatosha kabisa kumshukuru Mungu.

Nimeombwa niandike wasifu huu mimi, Suzanne Nyassa, mpiga taipu wa ofisi, kwa sababu nimevumilia kelele zake kwa muda mrefu kuliko mtu mwingine yeyote. Mzee wetu si mtu wa sauti ya chini. Akipima parsele, yaani kiwanja cha mtu, upande mmoja wa mji wa Baraka, upande wa pili wanajua tayari ni mita ngapi. Akikosea hesabu, analilaumu jua. Akipatia, anataka chai.

Kazi yake ilimzungusha wilaya nzima. Mwaka mmoja, kabla ya vita, alitumwa Misisi, kwenye machimbo ya dhahabu, kuweka alama za barabara. Alipigilia vigingi mchana kutwa. Kesho yake alikuta kila kigingi kimeng'olewa na mahali pake pana shimo la kumeza mtu mzima. Wachimbaji walikuwa wamemwona mtu wa serikali anachungulia kwenye chombo chake, anatikisa kichwa, kisha anaweka alama, wakajua huyu ameona dhahabu. Barabara haijajengwa mpaka leo, na wapo wanaosema shimo la tatu lilitoa kitu.

Minembwe alikwenda kwa miguu, kwa sababu pikipiki anaiogopa kuliko risasi. Wafugaji wa kule walimkaribisha kwa maziwa, naye, kwa kuogopa kuonekana hana adabu, alimaliza kila kibuyu alichopewa. Tumbo likagoma, na kazi ya siku mbili ikachukua wiki. Ripoti aliyotuletea ilisema kwamba hali ya hewa ilikuwa mbaya.

Lakini tukitaja kazi moja tu ya Mzee Asukulu, tutataja mpango wa ardhi wa Baraka. Mwishoni mwa 1997 watu waliokimbia vita walikuwa wanarudi kutoka Tanzania, ng'ambo ya ziwa, kila boti imejaa magodoro, masufuria na batoto. Kila mmoja alitaka kujua atajenga wapi. Ofisi ikaagizwa itengeneze mpango: hapa watu wakae, hapa walime, hapa shule, hapa barabara, hapa soko jipya. Na kila mtaa ukachagua mshauri wake wa kusema kwa niaba ya majirani.

Siku zile tulielewa kazi ya washauri hivi: waje biro, yaani ofisini, wanywe chai, waangalie ramani ukutani, waseme iko bien, ni sawa, waweke sahihi. Ndivyo walivyofanya wote watano. Mmoja wao alikuwa Mama Samira Ramazani, mshauri wa mtaa wa ziwani, ambaye ukoo wake unavua na kuanika ndagala, dagaa wa ziwa letu, tangu zamani. Aliniambia baadaye kwamba siku ile hakuona mtaa wake ukutani, aliona rangi nzuri nzuri tu.

Kwenye ramani ile, soko jipya lilikuwa limekaa juu ya mchanga wa ziwani, palepale bamama wanapoanika ndagala. Mzee alipapima mwenyewe na kuandika kwa mwandiko wake mzuri kwamba ni kiwanja wazi, hakitumiki. Wala hakudanganya. Alikwenda wiki ya mbalamwezi. Kila mtu wa ziwani anajua kwamba mwezi ukijaa ndagala hazifuati taa za wavuvi usiku, nao wanalala nyumbani, na bamama wanakwenda kupalilia mihogo. Mchanga unabaki mtupu, hata mbwa hapiti. Mzee Asukulu ni mtu wa Fizi, mlimani. Ndagala anazijua kwenye sahani.

Mwezi ukapungua, wavuvi wakarudi majini, na asubuhi moja Mama Samira akaingia biro na beseni la ndagala mbichi kichwani. Hakusalimu sana. Aliliteremsha juu ya meza, juu ya ramani, akamwuliza Mzee azianike wapi. Kisha akakaa kwenye kiti changu kusubiri jibu.

Bamama wale, wengi wao wajane wa vita, walikuwa wamerudi Baraka bila hata kijiko. Mchanga ule ndio ulikuwa shamba lao, ada ya shule na chakula cha jioni. Ukiuchukua, hawana pengine pa kwenda, kwa sababu ndagala ikikosa jua siku moja inaoza.

Hapo mtu mwingine angejitetea. Sahihi ya Mama Samira ilikuwepo kwenye karatasi, na mkubwa wetu wa ofisi alisema wazi kwamba mpango ukishatiwa sahihi umekwisha. Mzee akachukua kofia yake akaenda ziwani. Alikuta mchanga wote unameta ndagala, hakuna pa kukanyaga. Kwenye vigingi vyake bamama walikuwa wametandaza nyavu, na kwenye kigingi cha katikati, kile cha mlango wa soko, amefungwa mbuzi. Mzee akamfungua mbuzi, akamkabidhi kwa mwenyewe, akaanza kung'oa vigingi kimoja kimoja mbele ya watu wote, huku akijitukana kwa sauti ile ile tunayoijua. Bamama walicheka mpaka wakakaa chini. Mimi sikucheka, maana ripoti nzima nilikuwa nimeipiga kwa mashine yenye utepe mkavu, na sasa ilikuwa ya kupigwa upya.

Kuanzia siku ile chai ya biro ilikwisha. Washauri walitembea. Mnyororo wa kupimia ulikuwa umeporwa mwaka 1996, kwa hiyo Mama Samira alitoa kamba ya wavu, tukaifunga vitambaa vyekundu kila mita kumi. Mzee akaweka sheria yake, na aliisema mara nyingi hata tukaichoka: mshauri haruhusiwi kutetea mtaa wake mwenyewe. Anatembezwa mtaa wa jirani, anaelezwa mvua ikinyesha maji yanapita wapi, msiba ukitokea watu wanakaa wapi, mavuno yakija mizigo inashushwa wapi. Kisha mkutanoni anausemea mtaa ule kana kwamba amezaliwa pale, na wenye mtaa wanamsahihisha.

Ilikuwa vurugu, na ilikuwa raha. Mama Samira, ambaye hajawahi kushika jembe kwa hiari yake, alisimama akatetea mashamba ya mtaa wa juu. Na mshauri wa mtaa wa juu, Mama Constance, shemasi wa kanisa la Kiprotestanti, alipewa mtaa wa ziwani. Alishinda huko siku kadhaa, akarudi ananuka samaki kama sisi sote, na anajua kila mama anaanika wapi.

Tatizo likabaki moja: soko liende wapi? Kila mtaa ulilitaka karibu, lakini hakuna aliyelitaka kwake. Walibishana wiki mbili. Siku ya mwisho Mama Constance alimaliza kuusemea mtaa wa ziwani, kisha akasema soko lichukue nusu ya shamba lake la mihogo kando ya barabara, shamba aliloachiwa na mama yake. Aliweka sharti kwamba mti wake wa avoka usikatwe. Mzee Asukulu aligeuka akaangalia dirishani, na nadhani alikuwa analia, ingawa mwenyewe mpaka leo anasema ni vumbi.

Mpango ulitiwa sahihi Julai 1998. Agosti vita vikaanza tena.

Sitaeleza vita, kila msomaji ana vyake. Tulikimbia, ofisi ikaporwa, na ramani ile ya kupendeza mara ya mwisho ilionekana imefungia mandazi. Mzee alivuka ziwa mpaka kambini Tanzania. Huko nako hakutulia. Aliona njia kati ya mahema zimepinda, akaanza kuzinyoosha kwa kamba, mpaka watu wakadhani ameajiriwa na wazungu wa kambi.

Mwaka huu aliporudi, alikuta mchanga wa ziwani umezungushiwa uzio wa mianzi. Mfanyabiashara mmoja mwenye boti, Guy, alikuwa amekuta eneo tupu na akasema halina mwenyewe. Kama lina mwenyewe, alete karatasi. Karatasi ndiyo hiyo iliyoliwa na mandazi. Bamama waliorudi walikuwa wanaanika ndagala kwenye mapaa ya nyumba na pembeni mwa barabara, na nusu ilikuwa inakanyagwa na pikipiki.

Wakubwa walimwomba Mzee achore upya. Angeweza, kila mstari alikuwa nao kichwani. Alikataa. Alisema ramani ile si yake, na akiichora peke yake itakuwa neno lake dhidi ya neno la Guy. Alituma ujumbe kwa washauri popote walipo, akasubiri. Alisubiri hata siku yake ya kustaafu ikakaribia, nasi tukawa na wasiwasi kwamba ataondoka na uzio ungali umesimama.

Walikuja. Wa mwisho alikuwa Mama Constance, aliyevuka ziwa kutoka kambini akiwa bado hajaona hata nyumba yake imebaki vipi. Aliteremka botini akaenda moja kwa moja kwenye uzio, sisi nyuma yake. Guy akamwuliza kwa heshima yeye ni nani, na anadai nini pale.

Mama Constance akasema: "Mi sidai kitu. Soko iko kule juu, kwa shamba ya mama yangu. Ni mi nilitoa, juu ya hawa bamama babakie hapa."

Hakuja kudai ardhi, alikuja kushuhudia ile aliyoitoa. Wa kwanza kung'oa mwanzi walikuwa wafanyakazi wake mwenyewe, maana mama zao wanaanika ndagala. Kisha Guy naye akashika mwanzi. Leo ana kibanda kizuri kwenye soko la kule juu, na hatumwekei kinyongo.

Baada ya hapo washauri walitembea upya na kamba, na Mzee akachora kila walichomwambia. Nakala zimebandikwa mitaa yote mitano, na huu ndio urithi anaotuachia.

Mzee Asukulu, asante kwa kazi, asante kwa kelele, na asante kwa kukubali kukosea mbele za watu. Mungu akupe afya, akupe wajukuu wenye masikio magumu kama yetu, na mlima wa Fizi ukupokee kwa amani. Leo nilikuwa nije mapema kupanga viti vya sherehe yako. Nilipita njia ya ziwani, nikakuta ndagala zimejaa mchanga wote, hakuna pa kuweka mguu. Ilibidi nizunguke mbali, nikachelewa, na njia nzima nilikuwa nafurahi peke yangu.