Arusyak Dakesian, Aliyekwenda Gyumri Kumchukua Gayane

Marehemu Arusyak Dakesian alizaliwa tarehe 14 Machi 1951 hapa hapa Burj Hammud, kando ya Beirut, mtaa wa Nor Marash, mtoto wa kwanza wa fundi cherehani Mihran na mkewe Zabel. Alisoma shule ya kanisa hadi mwaka 1965, baba yake alipopoteza macho, naye akakalia kiti cha baba. Alishona magauni ya harusi kwa miaka arobaini na miwili. Wengi wa kina mama walio hapa leo waliolewa wakiwa wamevaa kazi ya mikono yake, na hawajasahau alivyowachoma kwa pini na kwa maneno: "Bana tumbo, bibi harusi! Keki si ya kesho?"

Tarehe 2 Septemba 1972 alifunga ndoa na Nazaret, fundi viatu. Vita vilianza, vikaisha, na nyumba yao bado haikuwa na mtoto. Mwishoni mwa 1992 padri aliwaletea picha ya msichana aliyekuwa kituo cha yatima huko Gyumri, Armenia, mji uliobomolewa na tetemeko miaka minne kabla. Walipokubali kumlea, majirani walimtania Arusyak: "Wenzako wakienda nje wanaleta manukato, wewe unaleta mtoto wa watu!" Akawajibu, "Manukato yananipa chafya."

Nazaret alikuwa mgonjwa wa mguu, basi Arusyak akasafiri peke yake, yeye ambaye hakuwa amewahi kupanda ndege. Alifika Gyumri tarehe 6 Februari 1993. Umeme ulikuwa wa saa moja kwa siku, na theluji ilifika madirishani. Gayane alikuwa na miaka mitatu. Alimkodolea macho mgeni huyu, mpaka Arusyak alipomwonyesha yai na kulitaja kwa Kiarmenia chetu cha Beirut, kisichofanana na cha kwao. Mtoto akaangua kicheko. "Mama mzima, hajui yai linaitwaje!"

Ndipo mlango ulipofunguliwa, akaingia bibi kizee mwenye barafu kwenye nyusi. Akatia mkono kifuani, akatoa kiazi cha kuchemsha, akampa Gayane. Kiazi kilikuwa bado na joto. Huyo alikuwa Haykush, bibi mzaa mama. Mamaye Gayane, binti pekee wa Haykush, alifariki katika uzazi. Haykush alikuwa akiishi ndani ya kontena la chuma, kilomita saba kutoka pale, na kila siku alikuja kwa miguu. Arusyak alisema baadaye kwamba alijiona kama mtu aliyeingia kanisani bila kujua ni kanisa.

"Karatasi zote zimesainiwa," mkuu wa kituo alimwambia. "Bibi hana uwezo wa kumlea. Mchukue tu."

"Mtoto huyu ana mtu," Arusyak akajibu. "Sitamchukua mpaka mtu wake aniambie chukua."

Akamfuata Haykush hadi kwenye kontena. Haykush akamfungia mlango. Kesho yake akarudi, akafungiwa tena. Siku ya tatu sauti ikatoka ndani: "We mwanamke wa Beirut, utakufa na baridi hapo nje, kisha waseme nimekuua mimi. Ingia!"

Alikaa humo siku kumi na tisa. Walilala kitanda kimoja, kila asubuhi wakaenda pamoja kumwona mtoto. Arusyak alimsihi Haykush wahamie Beirut wote watatu. Haykush akakataa: "Makaburi yangu sita nimwachie nani?" Kuhusu Gayane, bado hakusema chukua.

Tarehe 28 Februari, mbele ya kituo, Haykush aliushika mkono wa mtoto na kuuweka ndani ya mkono wa Arusyak. Akasema, "Chukua. Hapa atakula viazi vyangu mpaka nife, halafu atakula nini? Ila usije ukamwambia nimekufa, na mimi niko hai."

"Nitamleta kila kiangazi, mama."

"Watu husema hivyo."

Akamleta. Viangazi kumi na vinne mfululizo, hata kile cha 2006 mabomu yalipovunja uwanja wetu wa ndege, wakapitia Syria kwa gari. Sisi tuliobaki tulimwona mwendawazimu. Haykush alifariki Mei 2007, akiwa ameshikwa mikono na wote wawili.

Nazaret alimtangulia marehemu mwaka 2014. Moyo ulianza kumsumbua Arusyak mwaka 2019, na mwezi uliopita alilazwa. Muuguzi alipomuuliza Gayane kama ni mtoto wa kuzaa, marehemu alifumbua macho, akasema, "Wa kupewa. Wewe umewahi kupewa kitu kama hiki?" Alifariki Jumatano tarehe 9 Novemba 2022, saa mbili asubuhi, bintiye akiwa kando yake.

Ameacha binti, Gayane, mkwe, Shahan, wajukuu wawili, Narek na Haykush mdogo, na mdogo wake Sirvart, aliyeandika maneno haya. Katika wosia aliagiza jambo moja tu: kwenye karatasi hii, chini ya jina lake yeye, paandikwe jina la Haykush wa Gyumri, na kwamba wote wawili walikuwa mama.

Limeandikwa. Mungu akupumzishe, dada, pale alipompumzisha yeye.