Fundi wa Nafasi ya Arobaini na Moja

Ndugu waombolezaji, kabla ya yote familia inaomba radhi, kwamba historia ya marehemu ilipaswa kusomwa na mtu mwenye sauti ya heshima na mpangilio wa mambo kichwani, lakini baada ya kikao cha saa mbili kazi hii ilimwangukia mdogo wake wa mwisho, mtu ambaye kwa miaka ishirini na sita amekuwa akisimama mbele za watu ili wacheke, hivyo akiruka mwaka, au akitabasamu pasipostahili, mumvumilie, maana hata wanakikao walipomchagua nyuso zao zilionyesha kwamba wanajua walichokifanya na wameshaanza kujuta.

Marehemu alizaliwa siku ya Alhamisi, tarehe 14 Machi 1968, katika chumba cha nyuma cha nyumba ya baba yake, nyumba ya pili kutoka kiwanda cha mbao, akiwa mtoto wa kwanza kati ya watoto watano, na kwa kuwa mama alikuwa kazini na baba alikuwa safarini, alianza kulea angali mdogo, akawabeba wadogo zake mgongoni mmoja baada ya mwingine, na dada zake wanasema mpaka leo kwamba yule wa mwisho hakushuka mgongoni kwa hiari yake, alishushwa, tena kwa kusaidiana.

Alianza shule ya msingi Januari 1975 na kumaliza Novemba 1981, akiwa hodari wa hesabu na kazi za mikono, na mwimbaji ambaye mwalimu wa kwaya alimwomba kwa upole awe anafungua mdomo tu bila kutoa kitu, kisha tarehe 9 Januari 1984 akajiunga na chuo cha ushonaji, akahitimu Novemba 1985, na tarehe 3 Februari 1986 akaajiriwa katika karakana ya mahema na maturubai iliyo nyuma ya stendi ya malori, akapewa cherehani kubwa iliyo karibu na dirisha, na hapo akakaa kwa miaka thelathini na tano.

Tarehe 2 Desemba 1989 alifunga ndoa na fundi umeme aliyekuja karakanani kutengeneza taa moja na kurudi mara sita kuhakikisha kama bado inawaka, shemeji yetu huyu mnayemwona hapa mbele, mtu ambaye amepanda nguzo za umeme maisha yake yote bila kutetemeka, lakini miaka ya baadaye, mkewe akiwa angani na parachuti, alikuwa hawezi kutazama juu hata kwa dakika moja, alikuwa anatazama viatu vyake.

Mtoto wao wa kwanza, wa kike, alizaliwa tarehe 21 Juni 1991, akiwa na miezi saba tumboni, na katika wodi ya watoto njiti kulikuwa na mashine mbili za kuwatunzia joto na watoto watano wa kuwekwa humo, wauguzi wakawa wanawapokezana kwa zamu, huyu saa tatu, yule saa tatu, na marehemu alikaa kwenye benchi la korido akihesabu zamu hizo kwa siku tisa, na siku ya kumi hakukuwa na zamu ya kuhesabu. Baadaye walijaliwa kijana, mwaka 1993, na binti, mwaka 1996, wote wawili wapo hapa, warefu kuliko baba yao, lakini wale waliokaa karibu na marehemu wanajua kwamba akiulizwa ana watoto wangapi alijibu watatu, wala hakuongeza neno.

Mwaka huo wa 1996 klabu ya warukaji wa parachuti ililetea karakana yao parachuti lililochanika, marehemu akalitandaza lote sakafuni, akalipapasa, akauliza kama kweli kuna mtu anaruka na kitambaa chepesi kiasi hiki, akaambiwa wapo, akasema, "Na hao watu, kwao wanajua?" Alishona maparachuti ya watu kwa miaka mitano bila kuinua kisigino chake ardhini, mpaka siku mteja mmoja alipomtania, "Fundi, huu mshono wako, wewe mwenyewe ungeuamini?" na yeye akaweka mkasi mezani, akavua tepu shingoni, na tarehe 5 Mei 2001 akaruka, akatua kwenye shamba la mahindi la watu, akarudi na mabua nyweleni, akasema mshono uko sawa.

Sasa tunafika kwenye jambo ambalo wengi mnalijua kwa juu juu. Mwaka 2010 wanawake sitini wa klabu mbalimbali waliamua kuvunja rekodi ya ukanda wao ya kushikana angani kabla ya kufungua maparachuti, na wafadhili wakaahidi kwamba rekodi ikisimama, ile wodi ya watoto njiti itapata mashine sita mpya, na isiposimama wodi itapata barua ya shukrani, na aliyewaomba wafadhili hao, akiwafuata ofisini mmoja mmoja na picha ya lile benchi la korido, alikuwa marehemu. Kiongozi wao alikuwa mwalimu wa hesabu waliyemwita Kamanda, mwanamke mfupi aliyechora ua la watu sitini kwenye karatasi kubwa, kila mtu na namba yake, kila mkono na mahali pake pa kushika, na sheria ya mchezo huo haina huruma, kwamba mkishikana mkapendeza kama kanga mpya lakini mkono mmoja tu ukashika pasipoandikwa kwenye karatasi, basi majaji wanahesabu kwamba hamkushikana kabisa. Marehemu alipewa nafasi ya arobaini na moja, kazi yake ikiwa kumfuata namba arobaini, mama mmoja mpishi wa hoteli, na kwa mkono wake wa kulia kumshika mguu wa kushoto, na ili watu wasichanganye, suti zao zote zilishonwa mguu wa kushoto mwekundu na wa kulia wa njano, na aliyezishona mnamjua.

Mazoezi yalifanyika chini, ndani ya banda la ndege, kila mmoja akilala kifudifudi juu ya kibao chenye magurudumu, wakisukumana polepole na kushikana kama watakavyoshikana juu, na Jumamosi tarehe 18 Septemba wakaruka mara mbili, mara ya kwanza wingu likawafunika kabla hawajafika nusu, mara ya pili ua likafunga lote, watu sitini, wakalia humo humo angani, wakatua wakikumbatiana, shemeji akaacha kutazama viatu. Saa kumi alasiri wakaitwa ndani ya banda, jaji mmoja, mzee wa miwani, akasimamisha picha kwenye skrini, akaweka ncha ya kalamu mahali pamoja, akauliza, "Nafasi ya arobaini na moja ni nani?"

Marehemu alisimama, akasema, "Ni mimi."

"Umeshika mguu wa njano."

"Naona."

"Karatasi inasema mwekundu. Kwa nini umeshika wa njano?"

Marehemu akatazama skrini, akafungua mdomo, akaufunga, akasema, "Mkono ni wangu, kosa ni langu, sina mwingine wa kumtaja."

Hapo maneno yakaanza, na watu waliokuwa wakikumbatiana nusu saa iliyopita wakawa hawatazamani, mmoja akasema kwamba ameacha nyumbani kwa siku nne mtoto anayenyonya, kwa ajili ya mguu wa njano, mwingine akasema kibali cha anga kinaisha kesho saa sita mchana, umebaki mruko mmoja tu, tusiendekeze huruma, na msusi mmoja, kijana, ambaye alikuwa mchezaji wa akiba, akasema, "Mimi sisemi kitu, ila suti ninayo, na niko tayari," jambo ambalo kwa mtu asiyesema kitu lilikuwa maneno mengi. Marehemu alisikiliza yote akiwa amesimama, na mwenyewe alisimulia baadaye kwamba hakuwaogopa wale wanawake, alichoogopa ni kwamba wana haki, kwa sababu kama mkono wake ungekosea tena, wodi ile ingebaki na zamu zake, na safari hii aliyezisababisha angekuwa yeye.

Kamanda akauliza, "Fundi, nikutoe?"

Akajibu, "Ukinitoa nitakuelewa. Usiponitoa nitashika mwekundu."

Kamanda akakunja karatasi yake mara mbili, akasema msusi hajawahi kulala kwenye kibao nyuma ya mpishi hata mara moja, na hesabu hairekebishwi kwa kuingiza namba ngeni, mwenye neno aje aniambie mimi, si yeye. Jioni ile mpishi na marehemu walibaki bandani peke yao kwenye vibao vyao, mpishi akishikwa mguu wa kushoto zaidi ya mara mia, mpaka akapiga kelele, "We Fundi, huu mguu una mwenyewe, utanirudisha nyumbani na mmoja, mume wangu aniulize mwingine nimemwachia nani!" na wakacheka, lakini marehemu hakuuachia.

Jumapili tarehe 19, saa nne na dakika arobaini asubuhi, ndege tatu zilipaa na wanawake sitini, mpaka futi elfu kumi na sita, ambako pumzi ni ya kugawiwa kwa mpira na baridi inaingia kwenye meno, na taa ilipowaka kijani wakajimwaga, wakiwa na muda usiofika dakika moja, kwa kuwa wakifika futi elfu sita, wameshikana au hawajashikana, lazima watawanyike wafungue maparachuti. Ua lilianza kujengwa kutoka katikati, kumi, ishirini, thelathini, na chini shemeji alikuwa ameinama, kamshika mkono mtu aliyesimama karibu naye, anauliza, "Wameshikana?" anaambiwa bado, "Sasa je?" bado, shemeji, niachie mkono unauvunja.

Juu, mpishi alifika mahali pake akiyumba, akashika, ua lote likapiga wimbi kama shuka linapokung'utwa, na marehemu akaja nyuma yake, akaona miguu miwili mbele yake, mwekundu na wa njano, na hapo, kama alivyosimulia, mkono wake wa kulia ukaenda wenyewe kwenye wa njano. Vidole vilikuwa vimebakiza upana wa kiganja. Akaurudisha mkono, na kuurudisha huko kukampeperusha mita tatu nyuma, saa ya mkononi ya kupimia kimo ikasema futi elfu tisa, nyuma yake wenzake kumi na tisa wanasubiri yeye afike ndipo nao wafunge, na akikimbilia kwa papara atawagonga na ua lote litapasuka, hivyo kwa sekunde ambazo alisema zilikuwa ndefu kuliko zile siku tisa za benchi, alikaa hewani akiacha mwili usogee wenyewe, kidogo, kidogo, futi elfu nane na mia tano, elfu nane, akiutazama mguu mwekundu peke yake duniani, mpaka kitambaa alichokishona kwa mikono yake kikaingia kwenye ngumi yake, akafunga ngumi, wa nyuma wakafunga, na ua likasimama, futi elfu sita na mia tisa, sekunde nne kamili, kisha wakatawanyika.

Majaji walitazama picha kwa saa mbili na robo, wanawake sitini wamekaa sakafuni bila kuvua hata kofia, na yule mzee wa miwani alipotoka alimtafuta marehemu kwa macho kwanza, akasema, "Mwekundu," na sina haja ya kueleza kelele iliyofuata. Mashine sita ziliingia wodini tarehe 11 Januari 2011, na muuguzi mkuu, ambaye yuko nasi leo, ametupa ruhusa ya kusema kwamba tangu siku hiyo neno zamu halijatumika tena kwa mtoto katika wodi ile.

Marehemu aliendelea kuruka hadi mwaka 2019, akaanza kuumwa figo Februari 2021, akaacha kazi mwezi uliofuata, akatibiwa kwa miaka miwili na miezi tisa, akiwakosoa madaktari namna walivyomshona baada ya upasuaji, kwamba nafasi kati ya uzi na uzi hazilingani, na siku ya Jumanne, tarehe 7 Novemba 2023, saa tano asubuhi, mumewe na watoto wake wakiwa wamemshika mikono yote miwili, alitutoka, akiwa na umri wa miaka hamsini na mitano, miezi saba na siku ishirini na nne.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia na kukosolewa bila kununa, majirani waliofungua milango yao tangu Jumanne na kutubebea viti na maji, wenzake wa karakana, na wale wanawake wa angani, ambao nimewaona mmefika zaidi ya arobaini, na Kamanda wenu mbele.

Na ninyi wanawake wa angani ndio mnaonidai maelezo, kwa sababu kwa miaka kumi na mitatu mmemtania Fundi kuhusu mguu wa njano, naye akacheka nanyi, na nilipotaka kusema alinikazia macho, akaniambia, "Nyamaza, utanipotezea nafasi," na rekodi iliposimama akaniambia, "Nyamaza, imeshapita." Alhamisi ya mazoezi, siku mbili kabla ya kuruka, mpishi alikwenda kung'oa jino, kibao cha namba arobaini kikabaki kitupu, na dada akamwomba mtu aliyekuja tu kuangalia avae suti, alale hapo, awe mguu kwa asubuhi moja, na mtu huyo akalala kifudifudi kwa raha zake, akapishanisha miguu kama yuko kwenye sofa la kwao, wa njano ukakaa upande wa mwekundu, na dada akaushika huo huo mara arobaini bila kukosea hata mara moja, mpaka mkono wake ukaizoea rangi ya njano.

Pumzika, dada, kwa amani yote uliyoiacha kwetu. Mkono ulikuwa wako, lakini mguu ulikuwa wangu.