Ekseli Niliyoijaza kwa Haraka

Wazee wangu, shikamooni. Nina mdomo, mnanijua, kwa hiyo nikizidisha nivuteni shati.

Miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa na magari ya mtumba yakamiminika Arusha, nilikuwa na karakana Daraja Mbili. Nilijaza ekseli zilizolika: unachomelea chuma juu ya chuma, tabaka kwa tabaka, mpaka unene urudi. Wateja walipanga foleni nami nikavimba kichwa. Sikusubiri tabaka lipoe. Mistari yote ya kuchomelea niliilaza upande mmoja, motomoto, nimalize.

Mkulima mmoja wa Nkoaranga akaniletea ekseli ya trela lake. Siku ya tatu ikakatika mteremkoni, trela la ndizi likampondaponda mguu. Nikasema, "Amezidisha mzigo. Na chuma chenyewe kibovu." Ndugu zangu, nawaambia, nilisema hivyo kabla sijakiona.

Mke wake akaja na kipande kilichokatika. "Baba, nionyeshe hapo kosa la ndizi."

Nikakipeleka kwa mzee aliyenifundisha kazi, akakigeuza mwangani.

"Unaziona hizi chembe? Kila tabaka limeota juu ya lenzake, zote zimesimama upande mmoja kama miwa. Ufa ukiingia hapa, nani ataukatiza? Chuma hakina kosa. Ni wewe na haraka zako."

Nikaenda hospitali, nikamwambia mgonjwa ukweli wote.

"Utaijaza upya," akasema. "Na siku trela likishuka, utakaa juu ya ndizi."

Niliviunga vipande, nikaijaza kwa siku mbili. Mistari mifupi, kila tabaka likikatiza la chini yake. Nagonga kwa nyundo lingali jekundu, nasubiri lipoe, naanza tena. Siku ya kushuka, shemeji yake mkulima aliendesha trekta, mimi juu ya ndizi. Jamani, niliogopa! Hata sala ya Baba Yetu niliisahau katikati. Kwenye kona kali chuma kikalia, nikafumba macho.

Ikashika.

Chini mkulima alikuwa amesimama na magongo yake, ametoka hospitali. Akaikagua ekseli, akasema, "Kesho njoo uchukue na ya jirani."

Namshukuru mama yule, na mzee wangu, na huyo mwenye trela ambaye simtaji. Fundi mwenzangu, kazi ikiharibika, anza kuutazama mkono wako. Mimi nilisamehewa, wateja wakarudi. Yeye mpaka leo anachechemea.