Waya Mmoja wa Mama Nelly

Pale Rwamgasa, ukitoka mialoni, wanakooshea mchanga wa dhahabu, kuelekea sokoni, kuna karasha moja la kusagia mawe lililokatika ukanda siku nyingi, na mwenyewe akaliacha lizibe njia. Pembeni yake yamelazwa magogo mawili yaliyobaki kwenye matimba ya kushikilia kuta za duara fulani, shimo la kuchimbia dhahabu, na juu ya magogo hayo ndipo kinapokaa kijiwe cha Ukanda Mbovu. Hapo hakuna asiyejua kitu. Ukiuliza bei ya gramu utajibiwa, ukiuliza dawa ya nyongo utajibiwa, ukiuliza kwa nini mkweo amenuna utapewa sababu tatu kabla kahawa yako haijapoa. Jumapili hiyo, saa tisa alasiri, kijiwe kizima kilikuwa kimegeukia ng'ambo ya barabara, kwenye paa la hoteli ya Mama Nelly, ambako Donatus alikuwa akishuka ngazi polepole, mkono mmoja kiunoni.

Kijiweni walimwita Mgongo. Jina hilo alilipata masika yaliyopita, matimba yalipoachia akiwa chini ya duara, akakaa amebanwa kutoka asubuhi hadi jioni huku akiwasikia wenzake wakichimba kumfuata. Alitolewa akiwa hai, ila mgongo haukurudi kuwa ule wa zamani. Tangu hapo alijifunza ufundi wa madishi kwa kuwatazama wengine na kuulizauliza, na kazi hii ya Mama Nelly ilikuwa ya kwanza kuifanya peke yake. Fredy, mwenye duara lilelile, alishamwambia mbele ya watu: ufundi ukikushinda, Jumatatu njoo ushuke nasi, nafasi yako ipo. Donatus alicheka tu. Ukweli ni kwamba alikuwa analiogopa lile shimo kuliko kitu chochote duniani, na hilo hakuwahi kumwambia mtu, hata mkewe.

Kazi yenyewe haikuwa ya kutisha. Mama Nelly alitaka tivii yake ishike mpira kupitia dishi, na ishike pia kituo cha mkoani kinachopatikana kwa antena tu, kwa sababu saa kumi jioni hiyo kituo hicho kilikuwa kinarusha ngoma ya bugobogobo ya kikundi chao, na yeye mwenyewe alikuwemo, anarusha jembe. Lakini mwenye nyumba alikuwa amekubali ukuta utobolewe tundu moja tu, tena jembamba, la waya mmoja. Donatus akaenda Katoro, akanunua kidude cha kuunganishia mawimbi, akakifunga darini: waya wa dishi huku, waya wa antena huku, na mmoja ukateremka hadi kwenye king'amuzi kilichokaa chini ya tivii. Akawasha. Mpira ukaja safi kama dirishani. Akageuzia kwenye antena, tivii ikamwandikia: hakuna mawimbi.

Ndipo akavuka barabara, eti anapumzika.

– Vipi huko juu, Mgongo? Fredy aliuliza. Fredy jina lake la kijiweni ni Mia Tatu, kwa sababu kila siku anaapa duara lake lina futi mia tatu, na hakuna aliyewahi kushuka na kamba ya kupimia.

– Tayari. Kimebaki kitu kidogo.

– Kitu kidogo gani?

– Antena haijaitika. Itaitika tu.

– Haiwezi kuitika, alisema Fredy, akaweka kikombe chini ili mikono ipate nafasi. – Nisikilize mimi niliyechimba tangu sijaota ndevu. Yale ya dishi yanatoka juu, yanashuka na uzito wake. Ya antena yanatambaa na ardhi, mepesi. Umeyakutanisha njia moja, mazito yameyakalia mepesi. Hapo kuna mtu amefukiwa, kaka.

Donatus hakulipenda lile neno, lakini alicheka na wenzake.

– Kwa hiyo nifanyeje?

– Dishi ulishushe chini, antena uipandishe. Zilingane nguvu.

– Acha fiksi wewe! alidakia Edson. Huyu walimwita Taarifa, kwani redio haimtoki sikioni na kila analolisema hulisema kama linasomwa. – Suala hapa ni urefu wa waya. Yamekutana darini, hatua sita yako ndani. Hayajazoeana! Ongeza waya mita ishirini, uviringe pale juu, yatembee pamoja mpaka yazoeane.

– Mita ishirini? Mbona ndoa yako ina miaka kumi na hamjazoeana?

– Usiniingizie familia, Mia Tatu. Tunaongea sayansi.

Mzee Januari, mwenye birika, alikuwa akiwamiminia kahawa bila kutazama vikombe. Yeye alikulia Shinyanga, na hakuna hoja aliyowahi kuimaliza bila kupitia huko.

– Nyie watoto mnahangaika bure. Mimi nimekaa Ibadakuli, pua na mdomo na uwanja wa ndege. Kule antena na dishi vilikuwa vinashika vyote, hata kwa waya wa baiskeli. Mnajua kwa nini?

– Tuambie, mzee.

– Ndege! Inaposhuka inayakoroga mawimbi, yanachanganyika yenyewe. Hapa mna ndege gani? Mna kunguru.

– Gashi! Fredy alishangaa, akaelekea kukubali.

– Na jambo la pili. Ardhi ya hapa ina dhahabu. Mawimbi ya antena si mmesema yanapita chini? Yananaswa. Yamejaa humu tunapokalia.

Wote wanne wakatazama chini ya magogo, Donatus naye akiwemo. Alijua ni upuuzi. Lakini mtu akishakosa jibu lake, la mwenzake huanza kupendeza, na muda ulikuwa unakwenda.

– Sasa hapo mzee ameongea, alisema Edson. – Kama ni dhahabu, dawa yake si tunayo? Zebaki! Dhahabu iliyotapakaa kwenye mchanga inakusanywa na nini? Paka zebaki kwenye ncha ya waya, yatakuja yote yamebanana.

– Sipaki zebaki kwenye tivii ya mtu, Taarifa.

– Ni tone tu.

– Yaya, hapana! Hata nusu tone. Pale watu wanakula wali.

Mama Nelly akatokea mlangoni, kitenge kipya, kilemba kimesimama. Nyuma yake waliingia wacheza ngoma wanne na wake zao, wakavuta viti vya mbele. Vijana wa mpira walikuwa wameshakaa tangu mchana.

– Fundi! Wenzangu wameshafika. Tuko sawa?

– Tuko sawa, Mama Nelly. Namalizia.

– Haya. Nakutegemea wewe.

Mama Nelly akarudi ndani. Kumbe kutegemewa nako kunauma. Donatus akainuka, akavuka, akapanda ngazi, akaigeuza antena kidogo kuelekea Geita mjini, akakaza skrubu ambazo hazikuwa zimelegea. Akashuka, akabonyeza rimoti. Hakuna mawimbi. Akarudi kijiweni kwa mwendo wa mtu aliyetosheka na kazi yake.

– Imekubali?

– Karibu.

– Mimi nimeshajua, alisema Fredy kwa sauti ya chini, kama anayetoa siri ya mwamba. – Ni majembe.

– Majembe gani?

– Ya bugobogobo. Si chuma yale? Yakirushwa juu, yanayarusha na mawimbi. Ndiyo maana mpira unakuja na ngoma haiji. Mpira ni wa ngozi.

– Lakini Mia Tatu, ile ngoma wameirekodi wiki iliyopita.

– Ndiyo mbaya zaidi! Yamerushwa wiki iliyopita na mpaka leo hayajatua.

Hapo kijiwe kilicheka mpaka kahawa ikamwagika, na Fredy mwenyewe hakucheka, kwa kuwa alikuwa amemaanisha kila neno.

Katikati ya kicheko hicho akafika Gregory. Alikuwa na siku tano tu Rwamgasa, ametokea Bugarama, ameajiriwa kushika winchi kwenye duara la Fredy, na hata jina la kijiweni walikuwa hawajampa. Akamwamkia Mzee Januari.

– Shikamoo, mzee.

– Marahaba, ng'wanone. Kaa. Hapa tunatatua jambo la kitaalamu.

Wakamweleza, kila mmoja akiruka neno la mwenzake: dishi, antena, kidude cha darini, tundu moja, waya mmoja. Gregory alisikiliza hadi mwisho, akapuliza kahawa yake, akauliza kwa heshima:

– Pale kwenye winchi, kamba ni moja, ila viroba vya mawe vinatoka kwenye njia mbili na vina wenyewe wawili. Mimi nikivipokea navigawa, hiki cha huyu, hiki cha yule. Sasa huu waya ukishafika ndani, nani anaugawa?

Edson alitazama ndani ya kikombe kana kwamba jibu lilikuwa limezama na unga wa kahawa. Mzee Januari akakumbuka kwamba makaa yanataka kupepewa. Na hao ndio watu waliokuwa na sababu ya kila kitu chini ya jua, na ambao viroba vyao vinagawiwa kila siku ya Mungu.

Donatus aliiona tena akilini meza ya duka la Katoro. Zeeshan, mwenye duka, alikuwa amemtolea vidude viwili, vimefungwa pamoja, akamwambia kimoja cha juu, kimoja cha chini. Na yeye alijibu kwa kujiamini: “Tivii ni moja, bosi, kimoja kinatosha.” Njia nzima ya kurudi alijipongeza kwamba hakupigwa. Kumbe cha pili ndicho kilikuwa cha kugawa. Bila hicho, king'amuzi kilikuwa kinapokea waya wote, kinachukua mawimbi ya dishi, na ya antena yanabaki mlangoni, hayana wa kuyapeleka kwenye tivii.

– Katoro na kurudi, saa kumi itakuwa imepita, alisema taratibu. – Na Jumapili Zeeshan anafunga mapema.

– Basi mwambie kituo chenyewe hakiko hewani leo, alinong'ona Edson. – Nani atakwenda kuhakiki?

– Au iache tu hiyo kazi, alisema Fredy, na safari hii hakuwa na utani, alimhurumia kweli. – Kesho njoo. Kamba nitakushikia mwenyewe.

Uongo wa Edson ulikuwa mzuri, tena ungetosha, ungemwokoa leo. Donatus akavuka barabara bila kujua atasema lipi kati ya mawili, mpaka alipomwona Mama Nelly amesimama mlangoni na kile kilemba chake.

– Mama Nelly, nimefunga nusu. Kuna kidude cha pili sikukinunua, nilijiona najua. Huu waya nikiuchomeka kwenye tivii yenyewe, ngoma mtaiona, mpira hamna. Nikiuacha kwenye king'amuzi, mpira upo, ngoma hamna. Vyote viwili ni kesho saa mbili asubuhi, nikitoka Katoro. Kosa ni langu.

Ndani vijana wa mpira waliguna, mmoja akasukuma kiti. Mama Nelly hakuwageukia. Alimtazama Donatus kuanzia usoni mpaka ule mkono uliokuwa umeshika kiuno.

– Chomeka ngoma, alisema.

Kisha akatoka hadi ukingoni mwa barabara, akaweka mikono mdomoni, akapaza sauti iliyozoea kuongoza wachezaji:

– Fredy wee! Kesho tafuta mtu mwingine wa kushuka! Huyu ana kazi kwangu!

Donatus alishaingia ndani, lakini sauti ile ilimfikia. Akainama nyuma ya tivii na waya mkononi, na akakaa huko muda mrefu kuliko waya ule ulivyohitaji.