Batholomeo Chibago: Saa za Zahanati na Safari za Kolo

Batholomeo Elisante Chibago alizaliwa tarehe 14 Machi 1981 katika kijiji cha Handali, Chamwino, mtoto wa kwanza wa marehemu Mzee Elisante na Mama Ruthu.

Alianza darasa la kwanza kijijini mwaka 1989. Saa ya ukutani ya shule ilikuwa ikichelewa, na mwalimu mkuu alikuwa akimtuma nyumbani akasikilize saa kwenye redio ya baba yake. Kila aliporudi muda ulikuwa umesogea, mpaka akajifunza kujumlisha dakika alizokimbia. Alimaliza kidato cha sita Dodoma mwaka 2002, na shahada ya kompyuta Dar es Salaam mwaka 2006.

Mwaka 2008 aliajiriwa na kampuni ndogo mjini Dodoma. Yeye na mwenzake Anyitike walitengeneza programu ya kulinganisha saa za kompyuta za zahanati, maana saa ikipotoka, dawa aliyopewa mgonjwa leo husomeka kuwa alipewa jana.

Tarehe 12 Desemba 2009 alifunga ndoa na Evodia, muuguzi. Binti yao Debora alizaliwa mwaka 2011. Mwaka uliofuata Evodia alihamishiwa zahanati moja karibu na Kolo, mbali na Dodoma, akaondoka na mtoto. Barua za kuomba kurudi zilijibiwa kwamba asubiri. Bahati ni kwamba kompyuta za kule zilikuwa za zamani na zilihitaji fundi kila mwezi. Fundi alikuwa Batholomeo, na kila safari alilala kwa mkewe siku mbili.

Mwaka 2019 ilibidi yeye na Anyitike waamue programu iendelee kuhudumia kompyuta zipi. Zile za zamani zilibaki zahanati sita tu, ya Evodia ikiwemo, lakini zilikula nusu ya muda wao huku vituo vipya vikingoja. Batholomeo alikaa na orodha ile siku tatu, kisha akamwambia Anyitike, "Amua wewe. Nikisema tuendelee nazo, sijui kama ni kazi inayosema au ni hamu ya nyumbani."

Anyitike alimuuliza angemshauri nini mtu asiye na mke Kolo. Batholomeo akachukua kalamu, akazifuta mwenyewe kwenye orodha. Aliomba tu mwaka mmoja, zahanati zile zipate kompyuta nyingine. Jioni alimpigia mkewe.

"Nimeifuta safari yangu, Mama Debora."

"Njoo hata bila kazi," Evodia alimjibu.

Alikwenda, ila ni sikukuu hadi sikukuu. Siku nyingine zote aliweka simu mezani, wakala chakula cha jioni pamoja, yeye Dodoma na wao Kolo.

Uhamisho wa Evodia kurudi Dodoma ulitoka Juni 2024. Batholomeo alipaka rangi jiko lote kabla hawajafika. Januari 2025 aligundulika kuwa na uvimbe kwenye ini. Alipoulizwa na mdogo wake Lea anatamani nini, alisema anatamani ile miaka ya Kolo aliyoikosa. Basi Evodia akawa anaketi kando ya kitanda kumsimulia jioni moja moja: Debora aling'oka jino lipi, alijifunza lini kusonga ugali, aliulizaje baba atakuja lini. Masimulizi yalikuwa yamefika mwaka 2017 alipofariki, tarehe 21 Agosti 2025, saa tisa alasiri.

Ameacha mama yake Ruthu, mdogo wake Lea, mkewe Evodia na binti yao Debora.

Bwana ampe pumziko la amani.